Mafundi wa Umeme na Uhai wa Viwanda: Historia ya Matengenezo katika Rusizi (Cyangugu), 1958 hadi Leo

Ikisiri

Historia ya viwanda katika eneo la Maziwa Makuu imeandikwa zaidi kwa tarehe za uzinduzi, idadi ya megawati na tani za uzalishaji. Makala haya yanaangalia miaka iliyo baina ya uzinduzi mmoja na mwingine, wakati ambapo mitambo huendelea kufanya kazi au hufa, kutegemeana na kazi ya wahandisi na mafundi wa matengenezo ya umeme. Mifano inatoka katika Wilaya ya Rusizi, Rwanda, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu: vituo vya umeme wa maji vya Mto Rusizi na kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoko Bugarama. Makala yanadai kwamba ujuzi wa matengenezo ni rasilimali ya umma yenye historia yake, kwamba urithishaji wake ulikatika zaidi ya mara moja, na kwamba sera za nishati na viwanda zitaendelea kulipa gharama ya mikatiko hiyo iwapo hazitaihesabu.

Maneno muhimu: matengenezo, umeme, CIMERWA, Rusizi, urithishaji wa ujuzi, Kiswahili cha kazi

1.0 Utangulizi

Msomaji akichukua taarifa yoyote ya serikali au ya wafadhili kuhusu maendeleo ya viwanda katika ukanda wetu, atakuta mambo matatu bila kukosa: mwaka ambao mtambo ulizinduliwa, uwezo wake uliokusudiwa, na fedha zilizotumika. Mambo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, yanaacha swali kubwa bila jibu: mtambo uliozinduliwa mwaka 1958 unawezaje kuwa bado unazalisha umeme zaidi ya miaka sitini baadaye, ilhali mingine iliyozinduliwa baada yake imegeuka vyuma chakavu?

Jibu la swali hilo liko karakana. Mhandisi wa matengenezo ya umeme ndiye anayepima vihami vya nyaya kabla havijaungua, anayebadilisha brashi za kaboni kabla hazijaikwaruza pete ya mota, na anayeamua kama transfoma iendelee na kazi hadi mwisho wa juma au izimwe usiku huu. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna tukio. Kwa sababu hakuna tukio, hakuna kumbukumbu; na kwa sababu hakuna kumbukumbu, mwanahistoria humpita. Ni pale anaposhindwa tu ndipo jina la kiwanda huonekana gazetini.

Wilaya ya Rusizi imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mzalishaji na mtumiaji mkubwa wa umeme wapo katika eneo moja dogo: mto unaotoka Ziwa Kivu huzungusha mitambo ya umeme upande wa kaskazini, na kiwanda kikubwa cha saruji husaga mawe katika bonde la Bugarama upande wa kusini. Pili, wilaya hii iko mpakani mwa nchi tatu, yaani Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi. Hivyo ujuzi wa kiufundi hapa haujawahi kuwa mali ya taifa moja pekee.

2.0 Mto mmoja, nchi tatu

Mto huu, unaoandikwa Rusizi nchini Rwanda na Burundi na Ruzizi nchini Kongo, hutoka Ziwa Kivu lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460 na kushuka hadi Ziwa Tanganyika, lililo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mteremko huo wa karibu mita 700 ndio uliowavutia wahandisi wa Kibelgiji. Kituo cha Ruzizi I, karibu na Mururu, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 kikiwa na mitambo miwili, na mingine miwili ikaongezwa mwaka 1972. Uwezo wake uliokusudiwa ulifikia kiasi cha megawati 28. Wakati kituo kinajengwa, pande zote mbili za mto zilikuwa chini ya mtawala mmoja, kwa hiyo suala la nani atakitunza halikuwa la kidiplomasia. Uhuru wa Kongo mwaka 1960 na wa Rwanda na Burundi mwaka 1962 uligeuza nyaya za ndani kuwa nyaya za kimataifa kwa usiku mmoja.

Jibu la kisiasa lilichukua muda. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CEPGL, iliundwa mwaka 1976. Mwaka 1983 nchi hizo tatu zilianzisha kampuni ya pamoja, SINELAC, ili ijenge na kuendesha kituo cha Ruzizi II. Kituo hicho kilianza kuzalisha mwaka 1989, na uwezo wake uliokamilika ni megawati 43.8, unaogawanywa baina ya nchi tatu. Mradi wa Ruzizi III, unaopangwa kuwa na megawati 206, unafuata mkondo huohuo wa umiliki wa pamoja wa nchi hizo, safari hii pamoja na wawekezaji binafsi.

Kwa mtafiti wa sera, jambo la kuzingatia ni mfuatano wa matukio baada ya mwaka 1994. CEPGL ililala kwa zaidi ya muongo mmoja kutokana na vita na uhasama wa kisiasa, ikafufuliwa mwaka 2007. SINELAC haikufutwa katika kipindi hicho. Mawaziri walipokuwa hawakutani, mitambo ilihitaji kupakwa mafuta, kupimwa na kusawazishwa kila zamu, na umeme wake uliendelea kuhitajiwa Bukavu, Cyangugu na Bujumbura. Tunaweza kusema kwamba ushirikiano wa kikanda uliishi katika chumba cha udhibiti pale ulipokufa katika vyumba vya mikutano.

Haifai, hata hivyo, kuipamba picha hiyo. Malimbikizo ya madeni ya mashirika ya umeme kwa SINELAC yamekuwa tatizo linalofahamika kwa miaka mingi, na deni lisilolipwa hugeuka upesi kuwa kipuri kisichonunuliwa. Katika Ruzizi I, uchakavu umewahi kuiacha baadhi ya mitambo bila kazi. Aidha, taka za plastiki zinazosombwa na mvua kutoka miteremko ya Bukavu huziba milango ya kuingizia maji, hivyo kwamba sehemu ya kazi ya matengenezo leo ni kupambana na chupa tupu. Fundi wa mtambo analipia kosa la mipango miji lililofanyika kilomita chache juu ya mto.

3.0 Kiwanda cha Bugarama na kazi isiyosimama

Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilijengwa kwa msaada wa China na kuanza uzalishaji mwaka 1984, na uwezo wake ulifikia takriban tani 100,000 kwa mwaka. Kilitumia njia ya majimaji: mawe ya chokaa na udongo husagwa pamoja na maji hadi kuwa uji mzito, kisha uji huo huingizwa katika tanuri refu linalozunguka. Humo hukauka na kuchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi hadi kuwa klinka, ambayo nayo husagwa na kuwa saruji.

Ili kuelewa nafasi ya mhandisi wa umeme katika kiwanda cha aina hii, ni vyema tueleze kwa nini tanuri haliwezi kuzimwa kama taa. Tanuri ni bomba la chuma lenye urefu wa makumi ya mita, lililotandikwa matofali ya kuhimili moto ndani yake. Likisimama likiwa na joto, sehemu ya juu na ya chini ya bomba hupoa kwa kasi tofauti na chuma huanza kupinda kwa uzito wake lenyewe. Bomba lililopinda huvunja matofali na kuharibu vilalio linapozungukia. Kwa hiyo umeme wa gridi ukikatika, mota ya akiba au injini ya dizeli lazima iwashwe mara moja ili kulizungusha tanuri polepole hadi lipoe au hadi umeme urudi. Mhandisi wa matengenezo hupimwa kwa dakika hizo chache. Jenereta ambayo haikujaribiwa mwezi mzima, betri iliyokufa, au swichi iliyoshika kutu hugeuza kukatika kwa umeme kwa nusu saa kuwa hasara ya majuma kadhaa.

Hali ya mahali huongeza uzito wa kazi hiyo. Bonde la Bugarama ndilo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, lenye mwinuko wa chini ya mita 1,000, na ni lenye joto kuliko nyanda nyingine za nchi. Kanuni inayofahamika kwa wahandisi wa umeme husema kwamba kila joto la koili linapozidi kiwango chake kwa nyuzi 10, umri wa kihami chake hupungua kwa karibu nusu. Vumbi la saruji likiziba njia za hewa za mota, joto hupanda. Vumbi hilo likikutana na unyevu, hugandamana juu ya koili. Ukanda wa Ziwa Kivu pia ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Ratiba ya ukaguzi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi ya baridi au kavu, ikiletwa Bugarama bila kurekebishwa, ni ratiba ya kuunguza mota. Marekebisho ya ratiba hiyo hayamo katika kitabu cha mtengenezaji. Humo kichwani mwa aliyekaa hapo miaka kumi ndimo yalimo.

Kuna pia suala la viwango. Mitambo ya Kibelgiji ya mtoni ilikuja na michoro na istilahi za Kifaransa, ilhali mitambo ya kiwanda ilifuata desturi za uhandisi za China. Alama za michoro, vipimo vya boliti na aina za relei hutofautiana kutoka mapokeo moja hadi jingine. Fundi wa Cyangugu aliyefunzwa kwa Kifaransa alilazimika kuyasoma mapokeo mawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ujuzi wa kuona kwa macho na kushika kwa mkono, unaorithishwa kwa kusimama kando ya aliyetangulia, ulipozidi thamani ya kitabu.

4.0 Mikatiko ya urithishaji

4.1 Mwaka 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliifikia Cyangugu katika siku za mwanzo za Aprili 1994. Wafanyakazi wa CIMERWA walikuwa miongoni mwa waliouawa, na kiwanda huwakumbuka kila mwaka katika kipindi cha maombolezo. Katikati ya mwaka huo mkoa uliingia katika eneo la operesheni ya kijeshi ya Ufaransa, na umati mkubwa wa watu ukavuka mto kwenda Bukavu, wakiwemo waliotenda mauaji na wengi waliochukuliwa na mkumbo wa hofu.

Historia ya kiufundi haina haki ya kuyageuza mauaji hayo kuwa suala la upungufu wa wafanyakazi. Waliouawa walikuwa watu kabla ya kuwa mafundi. Lakini historia hiyo ina wajibu wa kueleza kile kilichobaki mikononi mwa walionusurika na wale waliorudi: karakana ambamo anayejua nyaya fulani inakwenda wapi hayupo tena, na aliyepo hana wa kumuuliza. Kuanzisha upya kiwanda katika hali hiyo kulihitaji kusoma mtambo kana kwamba ni hati isiyo na mwandishi. Sehemu ya nguvukazi mpya ya nchi ilitoka kwa waliorejea kutoka uhamishoni Zaire, Burundi, Uganda na Tanzania, wakiwa wamefunzwa katika mifumo tofauti. Mwaka 1997 ilianzishwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, kwa lengo la kuziba pengo la wataalamu wa kiufundi.

4.2 Mgogoro wa umeme na mabadiliko ya lugha

Mwaka 2004 Rwanda ilikumbwa na uhaba mkubwa wa umeme. Kina cha maziwa ya Burera na Ruhondo, yanayolisha vituo vya Ntaruka na Mukungwa, kilishuka sana. Mgawo wa umeme ukawa jambo la kila siku na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Katika kiwanda, mgawo una athari mbili. Athari ya kwanza huonekana katika hesabu za uzalishaji. Ya pili hukaa ndani ya mitambo: kila mota kubwa inapowashwa huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na koili zake hupata mshituko. Kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara huila mashine haraka kuliko kazi yenyewe. Gharama hiyo ya pili haikuonekana katika bajeti ya mwaka huo. Ilijitokeza miaka iliyofuata, katika mota zilizoungua kabla ya wakati wake.

Mwaka 2008 nchi iliamua kuhamisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa hadi Kiingereza. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, lakini katika karakana uliwaweka pamoja mkuu wa zamu aliyeandika daftari kwa Kifaransa na mhitimu aliyesoma umeme kwa Kiingereza, mbele ya ubao wa swichi wa Kichina. Kilichowaunganisha katika mazungumzo ya kazi kilikuwa Kinyarwanda, na kwa aliyevuka mto kutoka Bukavu au Burundi, Kiswahili.

4.3 Kiwanda kipya cha mwaka 2015

Mwishoni mwa mwaka 2012 kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ilikubali kununua asilimia 51 ya hisa za CIMERWA. Mwaka 2015 kiwanda kipya cha njia kavu kilizinduliwa hapohapo Bugarama, kikiwa na uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Hisa za kampuni ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Rwanda mwaka 2020, na baadaye sehemu ya PPC ikauzwa kwa kampuni ya National Cement ya Kenya.

Kwa mtazamo wa nishati, mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Njia ya majimaji huhitaji takriban gigajuli 5 hadi 6 za joto kwa kila tani ya klinka, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto hutumika kukausha maji. Njia kavu huhitaji kati ya 3 na 4. Upande wa umeme hali ni tofauti. Kiwanda cha saruji kwa kawaida hutumia karibu kilowati saa 100 kwa kila tani ya saruji. Kwa kipimo hicho, tani 100,000 zilihitaji kilowati saa milioni 10 kwa mwaka, na tani 600,000 zinahitaji milioni 60, sawa na wastani wa karibu megawati 7 usiku na mchana. Tukilinganisha na mgawo wa Rwanda katika Ruzizi II, ambao ni theluthi ya megawati 43.8, yaani 14.6, tunaona kwamba kiwanda kimoja kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kinahitaji karibu nusu ya mgawo huo. Kituo cha Gishoma kinachotumia nyiramugengeri, yaani udongo-mboji unaochomeka, chenye megawati 15 na kilichojengwa katika wilaya hiihii, kinaeleweka vizuri zaidi katika muktadha huo.

Kazi ya mhandisi nayo ilibadilika. Katika mtambo wa zamani, hitilafu ilitafutwa kwa sikio, pua na kipima volti: relei inayogonga, koili inayonuka. Katika mtambo mpya, kompyuta za udhibiti husoma mamia ya vihisi na kuzima msururu mzima wa mashine pindi volti inaposhuka kwa sehemu ya sekunde. Mota ya zamani isingelihisi mshuko huo. Hivyo mtambo wa kisasa huifanya gridi dhaifu ionekane dhaifu zaidi. Mhandisi huyohuyo lazima ajue programu za kompyuta na ajue pia kunusa koili, kwa sababu kompyuta humwambia kwamba mashine imesimama, lakini si kila mara humwambia kwa nini.

5.0 Mjadala: kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni muhtasari wa uchumi wa matengenezo, lakini bajeti za umma zimejengwa kinyume chake. Ukuta mpya una mfadhili, jiwe la msingi na picha. Ufa uliozibwa hauna. Historia ya Rusizi inatupa mambo manne ya kushauri.

Kwanza, madaftari ya zamu ni nyaraka za taifa. Ndani yake mna saa ya kila hitilafu, chanzo chake na alichofanya fundi. Hati hizo zikichukuliwa kuwa karatasi za ndani, hutupwa kiwanda kinapobadili mmiliki au teknolojia. Hifadhi za nyaraka za nchi zetu, kwa kushirikiana na kampuni, zinapaswa kuweka utaratibu wa kuyapokea baada ya muda maalumu.

Pili, mikataba ya ujenzi na ubinafsishaji iweke sharti la makabidhiano ya ujuzi yanayopimika: michoro iliyosahihishwa kulingana na hali halisi ya mtambo, katika lugha wanayoisoma wanaobaki, na muda wa kutosha wa mafundi wapya kufanya kazi kando ya wanaoondoka. Ukaguzi wa sharti hili ufanyike kabla ya malipo ya mwisho.

Tatu, uwezo wa kituo au kiwanda uripotiwe kwa namba mbili: uliokusudiwa na unaopatikana kweli. Tofauti baina ya namba hizo ndiyo kipimo cha hali ya matengenezo. Mshauri wa sera anayepewa namba ya kwanza pekee anapanga kwa umeme usiokuwapo.

Nne, ipo hoja ya lugha, ambayo si ya mapambo. Kabla ya fundi kuingiza mkono ndani ya kinu, swichi yake lazima izimwe, ifungwe kwa kufuli lake mwenyewe, na nyaya zipimwe kuthibitisha kwamba hazina umeme. Agizo hilo likieleweka nusu, mtu hufa. Rwanda iliitambua rasmi lugha ya Kiswahili mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sasa nchi zote tatu za mto huu ziko katika jumuiya moja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kukusanya istilahi za usalama na matengenezo kutoka karakanani, ambako mafundi wa pande zote tayari wana maneno yao, kisha kuzisanifisha. Istilahi zikitungwa mezani bila kuwasikiliza wao, zitabaki katika kamusi na hatari itabaki kwenye swichi.

6.0 Hitimisho

Makala yamefuatilia umeme wa Rusizi kutoka mtoni hadi kwenye tanuri la Bugarama, kwa kuwaangalia wale wanaoufanya uendelee kufika. Yameonyesha kwamba teknolojia ilibadilika kwa hatua zinazoonekana, yaani 1958, 1972, 1984, 1989 na 2015, ilhali ujuzi wa kuitunza ulisafiri kwa njia isiyoandikwa, kutoka mtu hadi mtu, na kwa hiyo ulipotea kila watu hao walipouawa, walipotawanyika au walipoachwa nyuma na mtambo mpya. Ruzizi III ikikamilika, hotuba ya uzinduzi wake itataja megawati 206. Swali ambalo watafiti na washauri wa sera wanapaswa kuliuliza kabla ya siku hiyo ni hili: nani anafunzwa leo kuzitunza katika mwaka wa arobaini, na anafunzwa na nani?